Hiyo video ya leza mmeikata wapi?

Wasee wa leza za nyumbani, mnatuficha nini? Sekunde 30: rodamini 6G inawaka rangi ya machungwa, muziki juu, eti "rahisi tu!" Rahisi wapi? Leza ya naitrojeni inayoipa hiyo rangi nguvu hutoa miale ya nanomita 337. Jicho haliioni, lakini inalichoma. Kapasita nayo inaweza kubaki na maelfu ya volti hata ukishazima stima. Na kupanga vioo viwili vitazamane sawasawa, mpaka nukta ya leza ndogo irudi kwa tundu ilimotoka, hiyo kazi ya masaa mmeikata yote! Mimi niliacha campo, siwezi kukataza mtu kujifunza kwao. Lakini kuna dogo wa form two anawaiga saa hii na miwani ya jua. Hiyo haimlindi.