Mnunuzi Naye Atajwe

Ndugu zangu wa Gitega, nanyi wa Muyinga, kuna neno linaloniudhi kila nikilisikia barazani: malaya. Binti kapita tu, keshapewa jina. Na yule aliyemwita usiku, akamhesabia noti, akamtoa nje kabla ya alfajiri, tunamwitaje? Tunamwita mzee. Tunampisha kiti.

Katika Injili, waliomburuta yule mwanamke mzinifu mbele ya Nabii Isa walimleta peke yake, kana kwamba alizini na kivuli. Mwanamume alikuwa wapi? Mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. Nasi miguu hiyo tunaiona, tunafumba macho.

Wala tusidanganyane kuwa amejitakia. Msichana wa kilimani, ambako shamba la baba halitoshi kugawanywa, hujiwa na dalali, mara nyingi mama mwenye maneno matamu, akaahidiwa kazi za ndani mjini. Akifika, nauli imekuwa deni, chumba deni, chakula deni, hata mafuta ya kujipaka deni. Ndipo anapoonyeshwa namna ya kulipa. Huyu huachwa Kobero, mpakani, malori ya kutoka Dar es Salaam yanapongojea forodha. Yule huletwa Gitega, mji uliojaa wageni tangu ufanywe makao makuu ya kisiasa mwaka 2019. Wapo waliovushwa hadi Uarabuni. Hiari iko wapi hapo? Sura ya Nur, aya ya 33, imekataza kuwashurutisha wasichana zinaa kwa tamaa ya mali, na walioshurutishwa imewatajia msamaha. Sheria ya nchi ya Oktoba 2014 inamwadhibu mfanya biashara ya watu na kuagiza aliyeuzwa alindwe. Dini imesema, serikali imesema. Tumebaki sisi.

Nanyi ni watu wema, msiba ukitokea mnachanga usiku uleule. Basi mgonjwa haulizwi uji. Anayetaka kutoka anahitaji pa kulala usiku wa kwanza, asirudi kwa anayemdai. Anahitaji tabibu asiyemkejeli. Gitega kuna Kituo cha Humura, ambako aliyefanyiwa ukatili hupata matibabu, ushauri na msaada wa kisheria mahali pamoja. Anahitaji mtoto wake aandikwe komine bila kudhihakiwa kwa kukosa jina la baba. Kisha apate cherehani, au mtaji wa kuuza ndizi na maharage, na jirani atakayenunua kwake bila kumkumbusha jana.

Mtaniambia fedha hakuna. Hapo siwezi kuzinyamazia harusi zetu! Kamati hukaa miezi, watu wakakopa ili wachange, magari yakakodiwa kwa safari ya dakika 10, vinywaji vikamwagwa, na asubuhi maharusi wenyewe wanadaiwa. Fedha hizo zilitoka wapi? Kamati itakayokaa Magarama Jumamosi hii, kabla ya kuandika jina la mpambaji, iandike cherehani 1. Na mwanakamati anayejulikana kule gesti aulizwe, mbele ya wenzake, atachangia ngapi.