Kapsuli Ina Haraka, Lakini Kahawa Imo Kwenye Kinu

Makindu ni mji wa chai. Msafiri anayeshuka basi kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa huwekewa mezani chai ya maziwa iliyokwisha kutiwa sukari, chapati mbili na bakuli la ndengu. Kando ya barabara kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambako mgeni yeyote, awe wa dini gani, hupewa chakula na chai bila kuulizwa senti. Anayetaka kahawa kwenye hoteli nyingi za mji huletewa kikombe cha maji moto, kijiko na mkebe wa kahawa ya unga unaoyeyuka. Ajikorogee mwenyewe.

Ukweli ni kwamba kahawa si mgeni katika nchi hii ya Ukambani. Mibuni ya kwanza ya Kenya ilipandwa Bura, kwenye milima ya Taita, mwaka 1893. Kufikia mwaka 1900 kahawa ilikuwa inalimwa kwa umwagiliaji Kibwezi, mwendo mfupi tu kutoka Makindu kwa gari, kabla haijafika Kikuyu mwaka 1904 na kuenea kwenye mashamba makubwa ya walowezi. Leo, katika kaunti hiihii ya Makueni, wakulima wa Mbooni na Kilungu bado wanachuma buni kwenye miteremko ya vilima vyao. Buni hizo huteremka mlimani, hupita kiwandani na mnadani, kisha huondoka nchini. Kenya hunywa sehemu ndogo sana ya kahawa inayolima.

Sasa ameingia mgeni mwingine: mashine ya kapsuli. Anaonekana kwenye jikoni za nyumba zilizojengwa na watoto wa Makueni wanaofanya kazi Nairobi au ng'ambo, kwenye ofisi, na kwenye vyumba vya wageni vinavyotaka kuonekana vya kisasa. Unatumbukiza kapsuli, unabonyeza kitufe, na chini ya dakika moja kikombe kina kahawa yenye povu. Wenye mashine hizo husema hawaoni tena sababu ya mtu kuhangaika na kinu, mizani na mashine ya espreso ya mpini.

Sababu ipo, na kwa mtu wa Makindu ina uzito kuliko kwa mtu wa Zurich au Milan.

Tuanze na haki ya kapsuli, maana inayo. Wanaoibeza kwa kuwa ni ya watu wenye haraka husahau kwamba espreso yenyewe ilizaliwa na haraka. Angelo Moriondo wa Turin alisajili hataza ya mashine yake ya mvuke mwaka 1884, na Luigi Bezzera wa Milan akaja na yake mwaka 1901, wote wakitafuta njia ya kumhudumia mteja kabla hajachoka kusubiri. Ile kahawa nzito yenye povu la rangi ya kahawia tunayoiita espreso leo ilikuja baadaye, Achille Gaggia alipoingiza sokoni mashine za wenzo mwishoni mwa miaka ya 1940. Kapsuli ni hatua nyingine katika safari hiyohiyo. Eric Favre, mhandisi wa Nestlé, aliibuni na hataza yake ikasajiliwa mwaka 1976. Nespresso ikaanza kuuzwa mwaka 1986. Hataza muhimu zilipokwisha muda, kufikia mwaka 2012, kampuni nyingine zikamiminika sokoni na kapsuli zao.

Jambo ambalo Favre na wenzake walilitatua kwa ustadi ni uhifadhi. Kahawa iliyosagwa hupoteza harufu upesi ikikutana na hewa. Ndani ya alumini iliyofungwa barabara, bila oksijeni, inakaa miezi mingi bila kuharibika sana. Ndiyo maana kapsuli inaishinda kwa urahisi kahawa iliyokaa rafuni mwaka mzima, ikasagwa kwa blenda ya juisi, kisha ikapitishwa kwenye mashine ya bei rahisi isiyoweza kushika joto. Mtu aliyeonja espreso ya namna hiyo halafu akaonja ya kapsuli ana haki ya kuisifu kapsuli. Haibahatishi: kikombe cha Jumatatu na cha Ijumaa ni kilekile.

Lakini pasua kapsuli iliyotumika uone kilichomo. Kifuniko kimetobolewa matundu madogo, na ndani kuna machicha yasiyojaza kijiko cha supu: gramu 5 hadi 6 za kahawa, basi. Mwenye mashine ya mpini hupima gramu 16 hadi 18 kwa espreso ya maradufu. Anasaga hapohapo, anashindilia, anafunga mpini, anabonyeza. Kwa sekunde chache hakuna kinachotoka. Kisha kahawa inaanza kuteremka polepole, nyeusi na nzito, kama asali ya Kibwezi inapomiminwa kutoka mtungini, na baada ya sekunde 25 hadi 30 kikombe kina takriban gramu 36 za kinywaji. Presha inayotumika ni kama bari 9. Zile bari 15 au 19 zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi la mashine ni uwezo wa pampu. Hazimwambii mnunuzi lolote kuhusu ladha.

Tofauti ya gramu hizo huonekana zaidi hapa kwetu, kwa sababu ya maziwa. Mwitaliano hunywa espreso yake kavu, funda mbili tatu, akaondoka. Mkenya wa kawaida anataka kikombe kikubwa, maziwa mengi na sukari. Gramu 5 za kahawa ndani ya kikombe kama hicho huzama zisionekane. Kinachobaki ni maziwa ya moto yenye rangi. Ili kahawa isikike inabidi atumie kapsuli mbili, na hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma.

Tuseme kapsuli moja yenye gramu 5 inamfikia mnunuzi kwa shilingi 100. Kilo moja ya kahawa hutoa kapsuli 200, kwa hiyo mnunuzi huyo amenunua kahawa kwa shilingi 20,000 kwa kilo. Kapsuli zake mbili za asubuhi ni shilingi 200 kwa gramu 10. Jirani yake akinunua kahawa nzuri ya Kenya iliyokaangwa, hata kama ni ya shilingi 3,000 kwa kilo, gramu 18 za espreso ya maradufu zitamgharimu shilingi 54. Kupata kilo moja ya kahawa iliyokaangwa, mkulima wa Mbooni huchuma matunda mekundu karibu kilo saba au nane, moja moja kwa mkono. Katika hizo shilingi 20,000, fungu lake ni dogo mno.

Fungu kubwa liko kwingine. Kapsuli za Nespresso hutengenezwa Uswisi, katika viwanda vya Orbe, Avenches na Romont. Nchi hiyo haina shamba la kahawa, lakini mapato yake ya kuuza kahawa nje yanapita yale ya jibini na chokoleti ambazo dunia nzima inazijua kuwa ni zake. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilitoa kapsuli yenye buni za Kivu na kuipa jina la Kiswahili, Kahawa ya Congo. Mpango wenyewe ulilenga kuwainua wakulima wa huko, na si haki kuukejeli. Ila mnywaji wa Afrika Mashariki anayeinunua analipia kahawa ya jirani yake iliyovuka bahari mara mbili.

Hapa ndipo faida kubwa ya kapsuli inapogeuka kuwa si faida. Ule ufundi wa kufungia hewa nje ulikuwa dawa ya tatizo la nchi zilizo mbali na mashamba. Mtu wa Makindu hana tatizo hilo. Kahawa ya Kenya inakaangwa Nairobi, na kifurushi kilichokaangwa wiki hii kinaweza kupakiwa kwenye basi asubuhi na kuwa Makindu kabla ya saa sita. SL28 na SL34, aina zilizochaguliwa na Maabara ya Scott katika miaka ya 1930 na zinazosakwa na wakaangaji wa dunia nzima kwa uchachu na harufu yake, ni za hapa. Kuziacha na kununua kapsuli ni kulipia hifadhi ya kitu ambacho kingepatikana kikiwa kipya.

Kuna pia mambo yasiyoandikwa kwenye matangazo. La kwanza ni maji. Visima vingi vya Ukambani vina maji ya chumvi, na maji hayo huacha ukoko mweupe ndani ya sufuria na birika. Ukoko huohuo huziba mishipa ya mashine yoyote ya kahawa, ya kapsuli na ya mpini. Tofauti ni kwamba mashine ya mpini hufunguka. Fundi akiwa na bisibisi na gasketi mpya ya mpira ataisafisha na kuirudisha kazini. Baadhi ya mashine za kapsuli zimefungwa kwa skrubu zenye kichwa cha umbo la yai ambazo bisibisi ya kawaida haizishiki. Mwenye mashine kama hiyo anapelekwa kwa wakala, au anaiweka juu ya kabati na kununua nyingine. La pili ni kapsuli zenyewe. Mashine ya aina moja haipokei kapsuli za aina nyingine, na zikiisha siku ya Jumapili hakuna duka la mtaani litakalomwokoa mtu.

La tatu ni taka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inamtaka mzalishaji awajibike kwa taka za bidhaa yake. Alumini hurejelezwa vizuri sana, lakini lazima kwanza mtu aikusanye, atenganishe machicha na kuipeleka panapoyeyushwa. Katika miji midogo, taka za nyumbani huishia shimoni au kwenye moto nyuma ya nyumba. Jiji la Hamburg, Ujerumani, lenye mpango wa taka ambao sisi tunauota tu, liliacha kununua kahawa ya kapsuli kwa ofisi zake za serikali mwaka 2016. John Sylvan, aliyebuni kapsuli za plastiki za Keurig huko Marekani, alisema mwaka 2015 kwamba wakati mwingine anajuta kuzibuni. Machicha ya mwenye kinu hayamsumbui mtu. Yanamwagwa chini ya mpapai.

Je, basi kila mtu akimbilie mashine ya espreso ya maelfu kwa maelfu ya shilingi? La. Mashine ya mpini ina madai yake: inataka stima isiyokatika, muda wa kupasha joto, mazoezi ya wiki kadhaa, na juu ya yote kinu kizuri chenye meno ya kusaga chembe zinazolingana. Mashine ghali yenye kinu kibovu hutoa kahawa chungu au ya majimaji. Kwa mtu anayekunywa kikombe kimoja kwa wiki, au ofisi ambayo hakuna atakayeosha chochote, kapsuli inaeleweka.

Kwa wengine wote ipo njia ya katikati, na ni ya zamani. Birika la moka lililotolewa na Alfonso Bialetti mwaka 1933 hukaa juu ya jiko la gesi au makaa, halina pampu wala waya, na stima ikipotea nchi nzima kama ilivyotokea Agosti 2023 lenyewe linaendelea kuchemka. Halifikii bari 9, kwa hiyo haitakuwa espreso kamili. Lakini kahawa yake ni nzito ya kutosha kusimama ndani ya maziwa. Mombasa, mwisho wa barabara hiihii, wauzaji wa kahawa chungu wamekuwa wakitoa kinywaji kikali kutoka kwenye dele la shaba juu ya makaa tangu kabla Gaggia hajazaliwa, na hakuna mteja wao aliyewahi kuuliza presha ni bari ngapi.

Kwa hiyo, kwa ladha, kwa bei na kwa matengenezo, kapsuli haiifikii espreso ya nyumbani iliyotengenezwa kwa kahawa mpya. Inaishinda kwa mambo mawili tu: haraka, na kutohitaji ujuzi. Wenye hoteli na vyumba vya wageni kati ya Emali na Mtito Andei wanaofikiria kununua mashine hizo ili kuwavutia watalii wafikirie tena. Mtalii aliyesafiri kutoka Ulaya ana kapsuli nyumbani kwake. Alichokosa kule ni kikombe cha kahawa ya Makueni iliyosagwa mbele ya macho yake. Nao wakaangaji wa Nairobi waandike tarehe ya kukaanga kwenye kila pakiti na kuzifikisha kwenye miji midogo, badala ya kuzirundika kwenye maduka makubwa ya jiji pekee.

Na msomaji mwenye pesa kidogo aliyeamua kuacha mkebe wa kahawa ya kuyeyusha, aanze na kinu cha mkono chenye meno ya chuma, birika la moka na robo kilo ya kahawa iliyokaangwa mwezi huu. Akija kupata mashine ya mpini baadaye, kinu bado atakihitaji.