Mwenye njaa apewe, asikopeshwe
Kutoka Lemara, Arusha, na Naomi Kivuyo

Mama anayefulia watu nguo hapa Lemara hulipwa siku aliyoitwa. Asipoitwa, hakuna. Mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Hapo ndipo mkopeshaji wa kausha damu anapobisha hodi: pesa unachukua leo, marejesho yanaanza wiki ijayo, na ukikwama wanabeba godoro na jiko la gesi. Nimeona sufuria zikitolewa nje, watoto wamesimama mlangoni wanatazama.

Na hili ni jiji lenye fedha. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, magari ya watalii yanapishana alfajiri kuelekea Ngorongoro, uwanja wa AFCON ya 2027 uko Olmoti. Nchi yenyewe iliingia kipato cha kati mwaka 2020. Lakini utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulikuta asilimia 26.4 ya wakazi wa Tanzania Bara hawamudu mahitaji ya msingi.

Ukiwauliza viongozi dawa ni nini, wengi watakutajia asilimia 10: kila halmashauri itenge sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, wakopeshwe bila riba. Ni sheria nzuri. Aprili 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo baada ya madudu kuibuka, vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, kisha ikarudi mwaka uliofuata. Nafurahi imerudi. Ila tuseme ukweli: mkopo huo unamfaa mwenye genge, cherehani au bodaboda. Unataka kikundi, katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Mama wa kufua hana mradi. Ana watoto wanaosubiri uji. Ukimkopesha, uji ndio utakaolipwa kwa hela ya mkopo, halafu tutamwita mdaiwa sugu.

Huyu anahitaji ruzuku, na sisi tunajua kuitoa. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulipojaribu kuzipa kaya maskini fedha taslimu Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, watu hawakuzinywea pombe kama walivyosingiziwa. Watafiti waliofuatilia walikuta kuku wameongezeka, watoto wamevaa viatu na kaya nyingi zaidi zimekata bima ya afya. Mpango ukasambaa hadi kufikia kaya zaidi ya milioni moja. Tatizo langu nao ni moja: ulisukwa kwa sura ya kijiji. Fedha kila baada ya miezi miwili inavumilika kwa mwenye shamba la mihogo. Wa chumba cha kupanga ananunua kila kitu, hata maji kwa ndoo.

Marekani, tajiri kuliko wote, ilitufundisha jambo kati ya Julai na Desemba 2021. Serikali iliwatumia wazazi dola 250 hadi 300 kwa mwezi kwa kila mtoto, bila andiko, bila kikundi. Umaskini wa watoto ukashuka mwaka huo hadi asilimia 5.2. Bunge lao likaacha malipo hayo yaishe, na mwaka 2022 umaskini huo ukaruka hadi asilimia 12.4. Wazazi walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni uamuzi wa wakubwa.

Najua tutaambiwa hatuna dola. Sidai dola. Nadai madiwani wa Jiji la Arusha, kabla bajeti haijaanza kutumika Julai, watenge fungu nje ya ile asilimia 10, liwe dogo lakini la uhakika, liingie kila mwezi kwenye simu ya mama ambaye mkutano wa mtaa umemtaja hadharani kuwa hana kitu. Majina yabandikwe ofisi ya mtaa, jirani ayasome na apinge kama kuna mjomba wa mtu ndani. Wa genge na wa bodaboda waendelee kukopa.