Kituo Kilichokatwa

Imekuwa kama ada. Kila panapozungumzwa filamu zilizotokana na vitabu, hatokosekana mtu wa kuitaja The Return of the King, filamu ya tatu na ya mwisho ya The Lord of the Rings, kuwa ndiyo hoja ya kuwanyamazisha wapenzi wa vitabu. Na ushahidi wake huwa tayari mdomoni: filamu hiyo, iliyoongozwa na Peter Jackson na kutoka mwaka 2003, iliwania tuzo 11 za Oscar na ikazitwaa zote 11, ikiwamo ile ya mwongozo uliotoholewa kutoka kazi nyengine. Basi mnataka nini tena, huulizwa.

Tunataka mwisho wetu. Si zaidi ya hilo. Wala sisemi kwa chuki, kwani filamu ile ni kazi ya mafundi, na mwenye macho hawezi kukana uzuri wa mji mweupe wa Minas Tirith wala kishindo cha farasi wa Rohan. Lakini uzuri wa jahazi haumfai abiria aliyeteremshwa kabla ya bandari yake. Waliotengeneza filamu hii walikata sehemu ya hadithi ambayo bila yake hadithi yote hugeuka maana.

Kwa msomaji ambaye hakukipitia kitabu, yafaa kueleza kidogo. J.R.R. Tolkien alikitoa juzuu cha tatu na cha mwisho mwaka 1955. Ndani yake Frodo, mmoja wa Mahobiti, watu wafupi, wakulima, wapenda chakula na tumbaku, anaifikisha Pete ya uovu kwenye mlima wa moto wa Mordor, na huko inateketea. Sasa angalia hesabu. Pete inateketea mwishoni mwa sura ya 3 ya sehemu ya mwisho, na sehemu hiyo ina sura 9. Mwandishi aliyetaka kumaliza kwa ushindi angeliweka kalamu chini hapo, au alau katika sura ya 5, mfalme anapotawazwa. Tolkien hakuweka kalamu chini. Alikuwa bado hajasema alilokusudia.

Alilokusudia limo katika sura ya 8. Mahobiti wanne wanarudi kwao, Shire, na kulikuta lango la daraja limefungwa usiku. Ukutani pamebandikwa amri. Vilabu vimefungwa, bia ni marufuku. Mavuno hukusanywa kwa jina la kugawanywa sawasawa, kisha hayaonekani tena. Miti imekatwa na kuachwa ioze, na kinu kipya kinautia mto uchafu. Anayelalamika hutiwa gerezani. Na ni nani aliyeyafanya haya? Mlango aliufungua Lotho, jamaa yake Frodo mwenyewe, aliyeanza kwa kununua mashamba na mali kuliko haja yake, kisha akaleta majahili kutoka nje kumlindia alivyovipata. Mahobiti wenyewe waliandikishwa kuwa askari wa kuwakamata wenzao. Nyuma ya wote amejificha Saruman, mchawi aliyeshindwa vita vikubwa akaja kulipiza kisasi katika nchi ndogo. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Wanaoikomboa Shire ni watu wa Shire. Hakuji jeshi la mfalme. Gandalf naye amekwisha kuwaaga njiani, akawaambia kuwa sasa hawamhitaji. Merry anapiga baragumu, Pippin anakwenda kuwaita jamaa zake, wakulima wanatoka na mashoka na marungu. Wanauawa majahili wapatao 70, na Mahobiti 19 wanazikwa. Hao 19 ndio uzito wa sura hii: uhuru una idadi ya makaburi, na makaburi yenyewe yako nyumbani.

Haya yote hayamo katika filamu. Mahobiti wanarudi, Shire ni ya kijani vilevile walivyoiacha. Mzee mmoja anawakodolea macho wapitapo. Wanakaa klabuni, hakuna anayewajali, Sam anajikaza anamwendea Rosie, na harusi inafungwa.

Watetezi husema muda haukutosha. Filamu ilikwisha kufika dakika 201, na watazamaji wengi walilalamika kuwa ina miisho mingi. Lakini jibu hili linawageukia wenyewe. Ikiwa palikuwa na nafasi ya miisho mingi, kwa nini uliotupwa ni ule mmoja unaoipa miisho mingine sababu? Mtazamaji aliyechoka hakuchoshwa na wingi. Alichoshwa na kuagwa mara nne na watu wasiobakiwa na jambo la kufanya.

Tena filamu ilikuwa imekwisha kuahidi. Katika ile ya kwanza ya mwaka 2001, Frodo anatazama katika kioo cha Galadriel na kuiona Shire ikiungua, watu wake wakiswagwa. Deni lile halikulipwa. Na mwisho kabisa, bandarini, Frodo anamwambia Sam kuwa waliondoka ili kuiokoa Shire, nayo imeokoka, ila si kwa ajili yake. Maneno haya yamechukuliwa kitabuni, lakini yanasemwa kuhusu nchi ambayo mtazamaji hakuiona ikiguswa hata jani. Kitabuni, Shire imeokoka kwa sababu Sam amezunguka kila palipokatwa mti akipanda mche na kuutilia chembe ya udongo aliopewa na Galadriel. Katika toleo refu la filamu ile ya kwanza, Sam hakupewa udongo. Alipewa kamba.

Hasara ya pili ni ya huruma. Katika sura ile iliyokatwa, Frodo hachomoi upanga. Kazi yake siku ya vita ni kuwazuia wenzake wasiwaue waliokwisha kutupa silaha. Saruman anajaribu kumchoma kisu, naye anakataza asiguswe. Hapa ndipo tunapojua safari imemfanya mtu gani. Filamu ilimwondoa Saruman kabisa katika toleo la sinema, na toleo refu la mwaka 2004 likamuua mapema juu ya mnara wake, mbali na Frodo. Na pale penye mlima wa moto, ambapo kitabuni Gollum anaanguka mwenyewe akicheza kwa furaha ya kuipata Pete, filamu inamfanya Frodo amvamie na kung'ang'ana naye hadi ukingoni. Mtu aliyeokolewa na huruma aliyoitoa zamani amegeuzwa mtu wa mieleka.

Na la tatu ni hili la jeshi la wafu. Kitabuni wafu wanawatia hofu maadui bandarini Pelargir, kisha wanaachiliwa wakapumzike. Wanaokwenda na merikebu kuuokoa mji ni watu hai wa kusini mwa Gondor. Katika filamu wafu wanauvamia uwanja kama maji ya bamvua na kufagia kila kitu. Ni tabia ileile: kazi ya watu wa kawaida imechukuliwa na miujiza, kama ilivyochukuliwa kazi ya Mahobiti.

Mpenzi wa ushairi ana daawa yake pia. Kitabu kimejaa nyimbo, na baada ya vita vya Minas Tirith lipo tungo la maombolezo linalowataja waliokufa kwa majina, kwani kwa watu wa Rohan mshairi ndiye mweka kumbukumbu. Halimo katika filamu. Hata hivyo haki isemwe: Pippin anapoimba mbele ya Denethor anayekula, huku Faramir akiongoza wapanda farasi kwenda kufa, filamu inapanda kuliko pahala pengine popote. Maneno yale yametolewa katika wimbo wa njiani uliomo katika juzuu cha kwanza. Walipouamini ushairi wake, ushairi uliwabeba.

Tolkien mwenyewe, katika dibaji ya toleo la pili, alieleza kuwa sura ile ya Shire ni sehemu ya lazima ya hadithi, iliyokusudiwa tangu mwanzo. Alikataa isomwe kuwa fumbo la Uingereza baada ya vita vya pili. Kumbukumbu yake, alisema, ilikuwa ya zamani zaidi: mashamba ya utoto wake yaliyoharibiwa kabla hajatimia miaka 10. Na huyu ni mtu aliyepigana Somme mwaka 1916, na kufikia 1918 marafiki zake wa karibu wote, isipokuwa mmoja, walikuwa wamekufa. Alijua nini maana ya kurudi.

Kila mwanafunzi wa utenzi anajua kuwa vipande vitatu vya ubeti huweza kuvutia vitakavyo, lakini kipande cha nne ndicho kinachobeba kina kinachouunganisha ubeti na utenzi mzima. Kikate, na beti zinabaki kuelea. Filamu ile imetupa vipande vitatu vilivyong'ara. Imetufundisha kuwa uovu unakaa Mordor, na ukishindwa huko, nyumbani pako salama. Kitabu kinasema kinyume chake, na vijana waliojua hadithi hii kwa filamu peke yake, kwa zaidi ya miongo miwili sasa, hawajaambiwa. Wapeni kitabu. Waanze hata na sura ya 8.