Ukubwa wa Shirika si Ukubwa wa Rubani

Sisi Wamwera, mjomba hana pa kujificha. Mtoto wa dada akitaka kuoa, anakuja kwako. Akigombana na baba yake, anakuja kwako. Na akipata barua ya kazi kutoka shirika kubwa la ndege la Ghuba, anakuja kwako vilevile, hata kama chombo kikubwa ulichowahi kuendesha maishani ni pikipiki.

Ndivyo yalivyonikuta hapa Mandawa, wilayani Ruangwa, msimu huu wa korosho. Mpwa wangu ni kapteni wa ATR 72, ndege ya abiria sabini hivi, ile ambayo watu wetu huiita pangaboi. Asubuhi yuko Dar es Salaam, kabla ya saa sita ameshakwenda Mtwara na kurudi, alasiri ameshushia watu Songea, na jioni anakula kwake na wanawe. Barua inamwita akarushe Boeing 777, kwa dola, akiwa rubani msaidizi.

Sijamaliza kuisoma, baraza zima lilishatoa hukumu. "Aende! Kuna la kuuliza hapo?" Mmoja alishaanza kupanga nani atampokea uwanjani siku ya likizo ya kwanza.

Imani iliyosema kwa vinywa vile naijua. Inasema kazi ya urubani ni ngazi moja tu: kijidege cha watalii, kisha pangaboi, kisha jeti, kisha jeti kubwa ya shirika kubwa. Anayepanda amefaulu, anayebaki ameshindwa au anaogopa. Naipinga imani hiyo, na naipinga nikiwa hapahapa Mandawa, mahali ambapo ilistahili kuzikwa zamani.

Tuna ushahidi jirani. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mradi wa Karanga, wakakusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yakaja matrekta, ikachimbwa bandari Mtwara, ikajengwa reli hadi Nachingwea, ukasafishwa na uwanja wa ndege. Kazi ya mradi ilikuwa kazi, shamba la baba lilikuwa shamba tu. Januari 1951 mpango ukafutwa, pauni zaidi ya milioni 30 zikiwa zimeteketea. Reli nayo ilipong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu wa huku walikuwa wamesharudi kwenye majembe yao. Kama kuna watu duniani wanaopaswa kusikia neno "kubwa" na kuuliza "kisha?", ni sisi.

Uwanja huohuo wa Nachingwea ulipokea ndege za East African Airways, shirika lililoanza mwaka 1946 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilikua hadi likawa linakwenda London kwa Super VC10. Rubani wa Afrika Mashariki hakuwa na mlango mkubwa wa kubisha kuliko ule. Mapema mwaka 1977 likafa, serikali zilizolimiliki zikigombania madeni. Hakuna rubani aliyekosea kutua. Waliokuwa wakirusha jeti za kwenda Ulaya waliamka wakiwa wanatafuta kazi katika mashirika machanga ya nchi zao, likiwemo Air Tanzania lililoundwa Machi mwaka huo.

Mtu ataniambia hayo ni ya kale. Haya, tuje ya juzi. Fastjet ilipoanza safari zake nchini mwaka 2012 na Airbus zake, pangaboi zilionekana za kizamani. Desemba 2018 ikasimama. Mwaka 2020 corona ilipofunga anga, mashirika tajiri ya Ghuba, Emirates na Qatar Airways, yalipunguza marubani kwa mamia. Na rubani mgeni kule hapunguzwi kazini peke yake. Kibali chake cha kuishi kimefungwa kwenye ajira, kwa hiyo kazi ikiondoka, nyumba inaondoka, na shule ya watoto inaondoka. Katika Falme za Kiarabu hana hata chama cha wafanyakazi cha kumsemea, kwa kuwa vyama hivyo haviruhusiwi.

Najua kampuni ndogo nazo hufa, tena haraka na bila matangazo. Sisemi udogo ni kinga. Nasema ukubwa si kinga, na anayehama kwa kutafuta kinga amefuata kivuli. Wahenga walishasema: ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.

Tuuache usalama wa ajira, tuitazame kazi yenyewe. Wana Ruangwa wanaelewa mpira, basi niseme kwa mpira. Namungo yetu ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na msimu uliofuata ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Tangu hapo kila kijana anayeng'ara pale tunamwombea Simba au Yanga imwone. Wengine huenda wakang'ara zaidi. Wengine tunawatafuta kwenye runinga, kamera inapita benchi, tunapiga kelele: "Yule pale!" Jezi imekuwa kubwa, dakika zimekuwa chache.

Katika ndege, kiti cha kushoto ni cha kapteni, cha kulia ni cha msaidizi. Mpwa wangu leo anakaa kushoto. Yeye ndiye anayeamua kama wingu la Songea linaruhusu kutua, au azunguke kidogo, au ageuze akamsikilize abiria mwenye msiba akimlaani hadi Dar. Ndege yake hupaa na kutua mara nne kwa siku, siku nyingine mara sita. Kule atarudi kulia. Safari ya saa kumi na nne huwa na marubani watatu au wanne, na kutua ni kumoja, kwa zamu. Kanuni za kimataifa zinamtaka rubani awe amepaa na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90, na wapo marubani wa safari ndefu wanaolazimika kuzitimizia hizo tatu kwenye simuleta. Mpwa wangu huzimaliza wiki haijafika katikati.

Msaidizi wa ndege kubwa si mtu wa kudharauliwa. Anavuka bahari usiku, anajifunza mifumo ambayo ATR haina, anajua hali ya hewa ya mabara matatu. Lakini kuamua ni misuli, na misuli isiyotumika hulegea. Barazani hakuna aliyeuliza kijana atakaa kulia miaka mingapi kabla ya kurudi kushoto.

Nchini Marekani swali hilo lina jibu lililoandikwa. Siku unayoajiriwa unapewa namba kwenye orodha ya marubani wa shirika, na namba hiyo ndiyo inayoamua utarusha ndege gani, utaishi mji gani, utapata likizo Krismasi au Februari, na kampuni ikipungukiwa nani ataondoka kwanza. Kapteni mwenye uzoefu wa miaka ishirini akihama kutoka shirika dogo kwenda kubwa anaanza mkiani, nyuma ya kijana aliyeingia wiki iliyotangulia. Ndiyo maana marubani wa kule hawaulizani tu "shirika gani?" Wanaulizana "namba ngapi?"

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sisi wa Mandawa tuna akili hii tayari, ila tunaiacha ghalani. Kwenye mnada wa korosho na ufuta wa RUNALI, chama chetu kikuu cha ushirika, nani aliwahi kuuliza mnunuzi ana maghala mangapi India? Tunauliza bei. Bei ikitajwa, tunauliza makato. Oktoba 2018 wakulima wa kusini waliikataa bei ya korosho waliyoiona ndogo. Mkulima asiyemaliza darasa la saba anajua kwamba bei ya ubaoni siyo bei ya mfukoni. Mbona kwa rubani tunasoma ubao tu?

Basi tufanye hesabu ya makato. La kwanza ni bondi: aliyesomeshwa na kampuni kurusha ATR ametia saini kukaa miaka kadhaa, na akiondoka mapema analipa. La pili ni umri: kwa safari za kimataifa za abiria rubani husimamishwa na miaka 65, kwa hiyo kila mwaka wa kusubiri kiti cha kushoto umekatwa kwenye miaka yake ya ukapteni. La tatu ni usiku: usiku ngapi kwa mwezi atalala hotelini, na mkewe amekubali au ameambiwa? La nne ni sisi wenyewe. Huku kwetu msiba hauhudhuriwi kwa simu, na mtoto haingii jando baba akiwa angani juu ya Atlantiki.

Kuna wa kupewa jibu tofauti. Msaidizi wa miaka 25, hana mtoto, hana bondi, bado yuko kulia hata hapa nyumbani: huyo aende, tena aende kesho, maana foleni huanza kuhesabiwa siku unayoingia. Na sitaudharau mshahara. Dada yangu aliuza mashamba mawili ya mikorosho ili mtoto asomee urubani Afrika Kusini, na deni lile halilipiki kwa maneno yangu matamu. Wala simwambii mtu abaki kwa uzalendo, kwani uzalendo haulipi ada. Dola ni sababu. Kusoma kwa watoto ni sababu. Kiu ya kuvuka bahari ni sababu nzuri kabisa. Kubadilisha nembo begani si sababu.

Baraza halikunielewa. Mzee mmoja alisema namwonea kijana wivu, mwingine akasema mjomba wa zamani angeshachinja mbuzi. Dada yangu hakusema kitu. Alikuwa anabangua korosho, akauliza tu ni saa ngapi kutoka huko hadi Mtwara.

Barua inataka jibu ndani ya siku kumi. Nimemrudishia mpwa wangu pamoja na karatasi niliyoichana kwenye daftari la mauzo, nikaipiga mstari katikati: huku bei, huku makato. Nimemwambia aijaze na mkewe, si na mimi. Ikionyesha aende, nitamsindikiza mwenyewe hadi Dar na mbuzi nitamchinja. Ila nimemkataza kuandika "shirika kubwa" upande wowote wa ule mstari.