Kutoka Kaskazi Hadi Sakitu



Mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi, Mombasa nzima inapolala madirisha wazi, nilimsindikiza mwana wa dada yangu kwenda kuanza shule ya bweni Nyahururu. Tulipanda garimoshi Miritini asubuhi, kanzu zetu zikiwa zimekwisha kulowa jasho. Magharibi ilitukuta Nyahururu, mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mstari wa Ikweta wapita jirani na mji huo, nami nilikuwa nimejidanganya kwamba palipo na Ikweta hapana baridi.

Hewa hupoa kwa takriban digrii sita kila upandapo mita 1,000. Tena katika miezi ya kiangazi usiku wa nyanda za juu huwa mkavu, usio na mawingu. Na mawingu ndiyo blanketi la ardhi. Yakikosekana, joto la mchana hupaa likapotea, na alfajiri nyasi hukutwa zimevaa sakitu nyeupe. Kwa hivyo msimu ule ule unaotuchoma sisi ndio unaowagandisha wao. Na sisi, Julai joto la usiku likishuka kidogo tu kwa upepo wa kusi, huanza kutafuta fulana!

Kijana alitetemeka hata meno yakagongana. Chumba tulichopanga kilikuwa na dirisha moja dogo. Nikamwomba mwenye nyumba jiko la makaa. Akaniuliza, "Mzee, utalitoa nje kabla hamjalala?" Nikamjibu naam. Makaa yalikuwa yamekolea, mekundu, hayatoi moshi, nami nikaamini kwamba pasipo moshi hapana madhara. Nikafunga dirisha. Nikaziba kwa shuka hata upenyo ulio chini ya mlango. Tukazungumza kidogo, usingizi ukatuchukua.

Kilichoniamsha ni sauti ya kijana akitapika. "Mjomba, kichwa chanipasuka," alisema. Nilipotaka kusimama miguu ilikataa. Nikatambaa hadi mlangoni, nikaufungua, tukajitupa nje katika baridi ile ile tuliyoikimbia. Mwenye nyumba ndiye aliyetutafutia gari la kutufikisha hospitali, tukawekewa oksijeni hadi kulipokucha.

Daktari alinieleza kwamba makaa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huingia katika damu na kukalia mahali pa oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na aliyelala huenda asiamke. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayohadaa zaidi. Akipatwa mtu, atolewe kwenye hewa safi mara moja kisha apelekwe hospitali, hata akisema amepata nafuu.

Dada yangu nilimficha jambo hili kwa majuma mawili. Nimemweleza kabla ya kuandika haya, naye alinyamaza muda mrefu kuliko nilivyoweza kustahimili.

Tulilopaswa kufanya lilikuwa jepesi. Nguo tatu nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine hutia joto kuliko koti moja zito, kwa kuwa hewa iliyonaswa kati yake ndiyo inayohifadhi joto la mwili. Nguo iliyolowa jasho la safari ivuliwe kabla ya kufika, kwani jasho likipoa huuiba joto. Kichwa kifunikwe, soksi ziwe kavu, na chupa ya maji ya moto, iliyofungwa barabara na kuviringishwa katika kitambaa, itiwe kitandani. Sisi tulikuwa na kanzu za pamba na shuka moja moja.

Mwenye mtoto wa seli mundu namwomba asisome kwa haraka hapa. Ugonjwa huu tunao sana pwani, na baridi ya ghafla ni miongoni mwa mambo yanayoamsha maumivu yake makali. Mtoto huyo asipelekwe bara kabla ya kuonana na daktari wake, na walimu waambiwe waziwazi. Najua wako wazazi wanaoficha kwa kuona haya. Mwenye pumu naye asiachane na dawa yake ya kuvuta.

Kuhusu udhu: mwenye uwezo wa kupasha maji moto na ayapashe. Aliyevaa khofu juu ya udhu kamili aweza kupangusa juu yake, mkaazi mchana na usiku mmoja, msafiri siku tatu na nyusiku zake. Soksi nyembamba zipenyazo maji hazitoshi katika madhehebu yetu ya Shafi. Asiyepata cha kupashia maji, akachelea madhara ya kweli, atatayamamu na kusali, na kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba baadaye aikidhi Sala hiyo.

Asili ya ruhusa hii ni Swahaba Amr bin al-As, Allah amridhie, aliyeamka na janaba usiku wa baridi kali katika msafara wa Dhatu Salasil. Alichelea nafsi yake, akatayamamu na kuwasalisha wenziwe. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliposikia sababu yake alicheka wala hakumkemea. Kisa hicho nimekisomesha miaka mingi madrasani. Na usiku ule ni mkono huu huu uliosukuma shuka chini ya mlango.

Kijana yu salama, alhamdulillahi, na masomo ameyaanza. Mafuta ya nazi aliyofungashiwa na mama yake yaliganda usiku wa kwanza yakawa meupe kama nta, maana hayahimili kushuka chini ya digrii 24 hivi. Juzi alipiga simu kwa ruhusa ya mwalimu wake. Hakuomba fedha. Ameomba blanketi la pili, na mafuta ya kopo lenye mdomo mpana, kwa kuwa yale ya chupa anayachokoa kwa kijiti.