Kitambulisho kisifungwe mu telefone

Ndugu zetu wachimbaji, na ninyi mama zetu mulio ku kare, tuanze na karte iliyo mfukoni. Wengi wetu wa Kasongo na Kabambare kitambulisho chetu ni karte ya mpiga kura. Zile za mwaka 2023 tunazijua: jasho na maji ya shimo vikigusa, maandishi yanafutika. Tarehe 30 Juni 2023 Rais alipokea karte ya kwanza ya kitambulisho cha taifa. Mwaka uliofuata mkataba wa kazi hiyo ukavunjwa. Sisi tunangoja.

Kwa hiyo mtu akisema kitambulisho kiingie mu telefone, wengi watafurahi. Hata sisi hatukatai. Makuta yetu tayari yanalala humo: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Baba aliye Salamabila anamtumia bibi yake aliye Kasongo franka za masomo ya watoto bila kupanda pikipiki.

Lakini tuulize: telefone gani? Kule Ulaya, sheria ya 2024 inataka kila nchi ya Muungano wao iwape raia pochi ya kitambulisho mu telefone mpaka mwisho wa 2026. Hapo mabishano yamezuka. Kuna watu waliotoa mfumo wa kawaida wa telefone yao wakaweka GrapheneOS, unaolinda siri za mwenyewe. Ni telefone iliyofungwa vizuri kuliko nyingi. Lakini programu kadhaa za benki zinaikataa, juu zinauliza Google kwanza kama telefone imekubaliwa. Pochi ya kitambulisho ikifuata njia hiyo, atakayelinda mlango si serikali tena, ni kampuni ya Marekani.

Sasa tujiangalie. Ku kare, wengi tuko na kitochi, ao telefone ya okazyo iliyopita mikono mitatu, na fundi amebadilisha programu zake. Yule wa Ulaya anakataliwa kwa kulinda siri zake. Sisi tutakataliwa kwa umaskini. Na mtu asiyeweza kuonyesha jina lake, karte ya mchimbaji ataipata namna gani? Sheria ya madini inaitoa kwa Mkongomani aliye mtu mzima, na muda wake ni mwaka mmoja tu.

Wengine watasema: bila ukaguzi, wezi watatengeneza vitambulisho vya uongo. Ni kweli wezi wako. Lakini telefone nyingi za sasa ziko na chombo ndani chenye kuthibitisha mfumo wake bila kupitia Google. Serikali yenyewe inaweza kuamua mifumo gani ya kuamini.

Tena tusisahau RAM. Kuandikisha telefone kuligeuka kodi, yunite zetu zikakatwa tangu 2020, mpaka makelele ya raia yakaiondoa 2022.

Basi tunaomba mambo matatu. Karte ya mkononi ibaki, na iwe ngumu. Ya telefone iwe ya hiari, isomeke hata pasipo rezo. Na anayetuuliza umri aone umri tu, asione kijiji na namba zetu zote. Sheria ya dijitali ya 2023 inazungumzia ulinzi wa habari za mtu, itumike.

Telefone ikianguka mu shimo, tulilie telefone. Tusililie na jina.